Runinga ya kantini haikuzima: uchambuzi wa kisa cha mishuko ya volteji katika kinu cha ngano, Arusha

Jina la kiwanda, eneo lake hasa, majina ya wahusika na alama nyingine za kukitambulisha vimeondolewa. Mfuatano wa matukio na hoja za kiufundi vimebaki kama vilivyokuwa.

## Usuli

Kiwanda ni kinu cha ngano cha ukubwa wa kati jijini Arusha. Kinasaga usiku na mchana kwa zamu tatu, siku sita kwa wiki. Siku ya saba ni ya usafi na matengenezo. Kinapokea umeme kwa msongo wa kilovoti 33, na transfoma yake yenyewe inaushusha hadi volti 400 kwa fezi tatu. Jenereta ipo, inayotosha kuendesha kinu chote. Fundi mkuu wa umeme ni mzoefu, na paneli zake ni safi: nyaya zimepangwa, kila kontakta (swichi inayofungwa na sumaku ya umeme) ina lebo yake. Nayasema haya mapema kwa sababu kisa cha umeme kikisimuliwa, watu hukimbilia kudhani mafundi walikuwa wazembe. Hapa hawakuwa.

Tatizo lilikuwa mishuko, yaani volteji kushuka kwa muda mfupi kisha kurudi, na uzito wake unatokana na jinsi ngano inavyosafiri ndani ya kinu. Ikishavunjwa na roli haishuki tu na kuwa unga. Hupandishwa kwa hewa ndani ya mabomba hadi ghorofa ya juu, ikachekechwa, ikashuka kwenye roli nyingine, ikapandishwa tena, mara nyingi, hadi pumba na unga viachane kabisa. Hewa yote hiyo huvutwa na feni moja kubwa. Feni ikikatiwa nguvu, mvuto unalegea na kila kilichokuwa kinapanda kinaanguka na kusongamana kwenye viwiko vya chini vya mabomba. Kuiwasha tena feni hakusaidii, kwa sababu hewa haina pa kupita. Lazima mabomba yafunguliwe moja moja, yagongwe kwa nyundo ya mpira, na unga uliokwama utolewe kwa mkono hadi sakafu nzima iwe nyeupe. Unga ulioanguka sakafuni haurudi kwenye gunia la chakula cha watu. Unauzwa kwa wafugaji kwa bei ya pumba. Kwa hiyo tukio la nusu sekunde lilikuwa linakula saa mbili, wakati mwingine tatu, za zamu.

## Kilichotokea

Masika yalipoanza, kinu kilianza kusimama mara kadhaa kwa wiki, zaidi alasiri na mapema usiku, upepo na mvua vinapoteremka kutoka upande wa Meru. Daftari la zamu liliandika sentensi moja kwa kila tukio: umeme umekatika. Uongozi ulikusanya tarehe na saa, ukaenda nazo kwa shirika linalowauzia umeme. Huko kumbukumbu za laini inayolisha kiwanda zilifunguliwa, na kwa saa nyingi zilizoorodheshwa laini haikuwa imekatika hata kidogo. Kiwanda kikaona kinadanganywa. Shirika nalo likaona mteja anasingizia umeme ubovu wa mitambo yake.

Meneja alikuwa na hoja ambayo nimeisikia kwa wengi tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kuzalisha. Alisema: mitambo tisa, megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, sasa umeme unacheza kwa nini? Hoja hiyo inastahili jibu la heshima, maana ni ya mtu anayefikiri. Megawati zinajibu swali la kama umeme unatosha. Haziwezi kuzuia tawi la mkaratusi kuangukia waya Arusha, na tawi likiangukia waya, volteji itashuka kwa sekunde chache au sehemu ya sekunde, gridi iwe na ziada kubwa namna gani.

Kabla ya kipimo chochote kufanyika, kiwanda kilishachukua hatua mbili. Kilinunua stebilaiza kubwa ya kinu chote, na kiliwaagiza mafundi wapunguze muda wa jenereta kupokea mzigo. Hatua zote mbili zilishindwa, na sababu zake ni funzo kubwa katika kisa hiki.

Stebilaiza ya aina ile ina mota ndogo inayosogeza brashi juu ya transfoma ili kuongeza au kupunguza volti. Ni kifaa kizuri pale ambapo umeme unabaki mdogo kwa saa nzima za jioni. Lakini mota ile inahitaji muda kusogea. Mshuko wa sekunde 0.4 huanza na kuisha kabla brashi haijafika popote, na ikiwa imeanza kupandisha, volti za kawaida zinaporudi zinakuta brashi imeshapanda, kinu kikapata volti za ziada. Jenereta nayo lazima kwanza ihakikishe umeme umepotea kweli, iwake, itulie, ndipo ipokee mzigo: hayo ni mambo ya sekunde nyingi. Katika tukio ambalo umeme umesharudi ndani ya nusu sekunde, jenereta haina kazi.

## Dalili iliyotoka kantini

Nilipoitwa, nilianza kwa kuwauliza watu walichokiona. Mafundi wa kinu wote walisema umeme ulikatika, na ndivyo ilivyoonekana kwao, kwa sababu kila kitu mbele yao kilinyamaza. Nikaingia kantini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu chai."

"Asante. Eti jana usiku umeme ulikatika hapa saa mbili na kitu?"

"Jana? Haukukatika. Runinga hii ilikuwa kwenye taarifa ya habari, sikukosa hata neno. Nilisikia tu mashine zimenyamaza."

Nikaigeuza runinga. Kibandiko cha nyuma kilisomeka volti 100 hadi 240. Maana yake, hata volti 230 zikishuka hadi karibu 140, runinga ile inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Kinu chenye mota za mamia ya kilowati kilikuwa kinasimama kwa jambo ambalo runinga haikuligundua. Kuanzia hapo swali likabadilika: tukaacha kuuliza nani amekata umeme, tukauliza ni kifaa gani ndani ya kiwanda kinachoanguka kabla ya vingine.

## Kupima

Tulifunga kipima ubora wa umeme upande wa volti 400 wa transfoma, cha aina inayofuata kanuni ya kimataifa ya IEC 61000-4-30, kinachohesabu volti upya kila nusu mzunguko, yaani kila milisekunde 10. Mita ya kawaida isingeona kitu. Kizingiti kikawekwa asilimia 90 ya volti za kawaida, kama ilivyozoeleka: volti zikienda chini ya hapo kisha zikarudi ndani ya dakika moja, huo ni mshuko. Zikipotea kabisa ni mkatiko, nao unatibiwa kwa njia nyingine.

Kulikuwa na kazi moja ndogo ambayo kila mtu angependa kuiruka, nayo ni saa. Saa ya kamera za ulinzi, saa ya PLC, yaani kompyuta ndogo inayoongoza kinu, na saa ya ukutani aliyoitumia msimamizi wa zamu zilipishana kwa dakika kadhaa. Tukazilinganisha zote na simu moja. Bila hilo, ulinganisho wetu na kumbukumbu za shirika ungekuwa ubishi mwingine.

Picha ilijitokeza haraka. Katika matukio mengi, fezi mbili zilishuka hadi karibu asilimia 60 na ya tatu ikabaki karibu kamili, kwa sehemu ya sekunde. Mchoro huo unajulikana. Fezi moja ya kilovoti 33 ikigusa ardhi, mahali ambapo nyutro, yaani nukta ya pamoja ya fezi tatu, imeunganishwa ardhini moja kwa moja, transfoma ya kiwanda ambayo upande wake wa juu umefungwa kwa delta (fezi zikiunganishwa kama pembetatu, bila nyutro) huigawa hitilafu hiyo kwa fezi mbili za upande wa chini. Hata fezi ile ikifika sifuri kabisa, fezi mbili za volti 400 hubaki na asilimia 58 kati ya fezi na nyutro. Kwa hiyo tulijua bila kutoka nje ya geti kwamba chanzo kiko kwenye msongo wa juu, na kwamba zaidi ni waya mmoja kugusa ardhi.

Tukarudi kwa shirika na orodha yenye saa sahihi. Safari hii mhandisi wao hakufungua kumbukumbu za laini yetu peke yake. Alifungua za laini zote zinazotoka kituo kilekile cha kupoza umeme. Mishuko mingi ikaangukia palepale ambapo swichi ya laini ya jirani, inayopanda mitelemko yenye miti mingi, ilikuwa imejikata.

Ni kama bomba kuu la maji linalolisha mitaa kadhaa: bomba la mtaa wa pili likipasuka, mgandamizo unashuka mtaa wa kwanza pia, hadi mtu afunge valvu. Mkondo mkubwa unaokimbilia kwenye hitilafu unapita katika transfoma ileile ya kituo, na volteji ya laini zote inaanguka nao. Mteja wa laini yenye hitilafu anakatikiwa. Mteja wa laini jirani anapata mshuko, kisha umeme unarudi. Kina cha mshuko kinategemea hitilafu iko mbali kiasi gani na kituo, na urefu wake unategemea rilei, yaani vifaa vinavyogundua hitilafu, na swichi zinachukua muda gani kuikata. Mambo hayo mawili huvutana: hitilafu ya karibu hushusha volti sana lakini mkondo wake mkubwa huiharakisha rilei, ya mbali hushusha kidogo lakini rilei za aina ya kawaida huichelewesha. Na kama laini imewekewa swichi inayojirudisha yenyewe, wakati tawi bado limelala juu ya waya, mteja wa jirani atapata mshuko wa pili sekunde chache baada ya wa kwanza.

## Kilichokuwa kinaanguka

Ndani ya kinu, mota zenyewe hazikuwa tatizo. Ni kweli nguvu ya kuzungusha ya mota hupungua kwa kipeo cha pili cha volteji: zikibaki asilimia 70, nguvu inabaki takriban asilimia 49. Lakini feni ile ni chuma kizito kinachozunguka kwa kasi. Ikiachwa imeunganishwa, sehemu ya sekunde haiipunguzi kasi kiasi cha kuangusha unga. Inveta za kulisha roli, yaani vifaa vya kielektroniki vinavyodhibiti kasi ya mota, nazo zilikuwa na akiba ya kutosha, kwa sababu kati ya fezi na fezi, jozi mbili kati ya tatu zilibaki karibu asilimia 90.

Vilivyoanguka vilikuwa vitu vidogo viwili. Cha kwanza ni rilei ya kulinda fezi, yenye ukubwa wa kiberiti, iliyowekwa kwenye paneli kuu ili mota zisiungue fezi moja ikipotea. Kitufe chake cha kuchelewesha kilikuwa kwenye sifuri, kama kilivyotoka dukani. Iliona fezi hazilingani, ikafungua, PLC ikaamini umeme umepotea, ikaziamuru hata inveta zilizokuwa nzima zisimame. Cha pili ni koili za kontakta. Zote zililishwa volti 230 kutoka fezi moja na nyutro. Kanuni ya IEC inaruhusu kontakta ya mkondo geu iachie popote kati ya asilimia 75 na 20 ya volti zake, na za kinu hiki, zilizonunuliwa kwa vipindi tofauti kwa watengenezaji tofauti, zilijitawanya humo: nyingine zilishika kwenye asilimia 60, nyingine ziliachia. Hiyo ndiyo sababu mafundi walisema kinu hakisimami kwa namna ileile mara mbili. Walikuwa sahihi, na hakuna aliyewasikiliza.

## Maamuzi na sababu zake

Chaguo la kununua kifaa kikubwa cha kulinda kinu chote, chenye betri au gurudumu zito, lilijadiliwa na kuachwa. Linafanya kazi, lakini bei yake haikuendana na tatizo ambalo mzizi wake ulikuwa kwenye nyaya za udhibiti zinazotumia umeme mdogo kuliko birika la chai.

Tukaamua kuulisha mfumo wa udhibiti peke yake kupitia UPS ndogo (kifaa chenye betri kinachodumisha umeme) ya aina inayobadilisha umeme muda wote, yenye wimbi safi, na kuiongezea rilei ya fezi ucheleweshaji. Sharti nililolisimamia bila kulegeza ni kwamba mnyororo wa vitufe vya dharura ukate umeme baada ya UPS, kila kitufe kijaribiwe mbele ya msimamizi wa usalama, na mashine yoyote ambayo mtu huingiza mkono isijiwashe yenyewe baada ya mshuko. Mashine ya kufunga mifuko ikiwa imesimama na kijana amefikia ndani kuvuta mfuko uliokwama, hakuna tani ya unga inayohalalisha kuiacha ijirudishe.

## Matokeo

Wiki za mwanzo zilileta furaha. Kipima kilirekodi mshuko, kinu kikaendelea kusaga.

Kisha ikaja jioni ya radi. Hitilafu ilichukua karibu sekunde nzima, swichi ya laini jirani ikajirudisha, mshuko wa pili ukafuata. Safari hii kontakta zote zilishika, mota zote zikapungua kasi pamoja, na volti ziliporudi zote zikavuta mkondo wa kuanzia kwa mpigo mmoja. Breka kuu ikafunguka. Kiwanda kizima, pampu za maji na taa za ngazi zikiwemo, kikaingia gizani, jambo ambalo halikuwa limetokea hata kabla ya marekebisho.

Marekebisho ya pili yaligawa mzigo. Feni kubwa na milango ya kuzungusha iliyo chini ya mabomba hushika hadi sekunde 0.7. Lifti za ngano za upande wa maghala, kipoza maji na mashine za kufungia huachiwa mapema kwa makusudi ili kupunguza mzigo. Mshuko ukizidi muda huo, PLC hukata mlisho wa ngano kwanza na kuachia feni mwisho, na kurudi ni kwa zamu, kundi baada ya kundi. Tangu hapo mishuko mingi ya fezi moja hupita bila kinu kusimama. Ile ya fezi tatu kwa pamoja, ambayo hushuka sana, bado inakisimamisha, na mikatiko ya kweli bado inashughulikiwa na jenereta.

Shirika nalo lilikata matawi kwenye sehemu ya laini iliyokuwa ikitajwa sana, likabadilisha vikombe vya kuzuia umeme vilivyopasuka, na likapitia upya mpangilio wa rilei za laini hiyo. Stebilaiza ilihamishiwa ofisi na maabara, ambako umeme mdogo wa jioni ulikuwa kero halisi.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi, kwa maoni yangu, ni saa kulinganishwa. Pande mbili zilizokuwa zikituhumiana zilikaa meza moja mara tu orodha mbili zilipoanza kusomeka sawa, na mhandisi wa shirika ndiye aliyependekeza kuangalia laini za jirani. Viwanda vingi hupeleka malalamiko bila sekunde, na shirika hujibu kwa kumbukumbu za laini moja. Kwa namna hiyo kila upande unaweza kusema kweli na bado wasielewane mwaka mzima.

Kilichoshindwa mwanzoni ni ununuzi kutangulia kipimo. Gharama ya stebilaiza ilizidi mbali gharama ya UPS, rilei na kazi yote iliyofuata. Nawaelewa waliouamua: kinu kikisimama kila siku, meneja anahitaji kuonekana akifanya jambo. Lakini muuzaji aliulizwa kama kifaa kinatibu umeme unaocheza, akajibu ndiyo, na hakuna aliyemuuliza kinachukua milisekunde ngapi.

Kushindwa kwa jioni ya radi kunahitaji kuangaliwa kwa makini na yeyote atakayefanya kazi kama hii. Kuzuia kontakta zisiachie ni nusu ya kazi. Kila mota inayoshikiliwa ni mota itakayodai mkondo volti zikirudi, kwa hiyo swali la muda wa kushikilia haliwezi kujibiwa bila kujua transfoma na breka kuu vinaweza kubeba mota ngapi zinazopanda kasi pamoja. Hesabu hiyo ilipaswa kuwa sehemu ya mpango wa kwanza, na daftari la zamu lilipaswa tangu zamani kuwa na safu ya kuandika nini kilibaki kinawaka.

Upande wa mtandao, kufupisha muda wa rilei kuna mpaka. Rilei ya kituoni ikiwa na haraka kuliko fyuzi na swichi za mbele yake, tawi dogo kwenye kijiji kimoja litakatia laini nzima, na wateja wa vijijini ndio watakaolipia utulivu wa kiwanda. Sioni haki katika hilo. Ndiyo maana sehemu kubwa ya tiba ilibaki ndani ya geti, na kukata miti kukabaki kazi ya kila msimu.

Kiwanda sasa kinanunua mashine mpya ya kufungia, na kwa mara ya kwanza hati ya manunuzi ina sharti la kuvumilia mishuko, kwa viwango vya SEMI F47 vilivyotungwa kwa viwanda vya vipande vya kompyuta lakini vinavyotumika kwingine pia: volti zikibaki asilimia 50 kwa sekunde 0.2, asilimia 70 kwa sekunde 0.5, na asilimia 80 kwa sekunde 1. Muuzaji mmoja amejibu kwamba mashine yake haijawahi kupimwa hivyo. Kiwanda kimemtaka aipime kabla ya malipo ya mwisho.